Mgeni akifunga kambi, mwenyeji hubaki na nini?

Wahenga wetu walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Twaipenda methali hii na twaitumia kila siku. Lakini kuna swali ambalo halimo ndani yake. Mgeni akishafunga mizigo yake na kuondoka, yule mwenyeji aliyepona hubaki katika hali gani?

Swali hili nilirudi nalo kutoka bara. Nilikuwa nimekwenda Bungoma kwenye hitima ya jamaa yetu, na kabla ya kurudi Mombasa nikapitia Kitale kumjulia hali mzee mmoja mwenyeji wa Majengo, aliyehamia huko miaka ya 1990 kwa kazi ya malori. Baada ya swala ya alasiri tuliketi barazani, akanionyesha barabara ya kwenda Kapenguria na Lodwar. Barabara ile, alisema, ndiyo iliyomsomeshea watoto wanne. Alikuwa akibeba chakula cha msaada kilichoteremshwa bandarini kwetu Kilindini, akakifikisha hadi Lokichoggio. Kisha safari zikaanza kupungua, na baadaye zikakatika kabisa. Hakuna aliyemwita kumweleza kwa nini.

Naandika haya kwa sababu habari za kambi za kigeni zinazofungwa zimekuwa nyingi. Wamarekani waliondoka Niger mwaka 2024. Wafaransa wakakabidhi kambi zao Chad, Ivory Coast na Senegal mwaka 2025. Hapa Kenya mjadala kuhusu wanajeshi wa Uingereza walioko Nanyuki hauishi, na sisi wa pwani tunao Wamarekani Manda, kaunti ya Lamu. Kila mara mabishano huwa ni yale yale: wabaki au waende? Leo nataka tuulize jambo jingine. Wakienda, ni nini kinachoamua kama mji utasimama au utaanguka? Jibu langu ni kwamba jambo hilo huamuliwa mapema, mgeni akiwa bado yupo.

Miji miwili ya barabara moja

Tuanze na Lokichoggio, kwa sababu ndicho kisa kilicho wazi zaidi katika barabara ya Kitale. Loki haikuwa kambi ya jeshi. Ilikuwa kituo cha misaada. Lakini ilikuwa na tabia zote za kambi: ua, uwanja wa ndege, wageni waliolipwa kutoka nje, na uamuzi wa kufunga uliofanywa na watu walio mbali.

Mwaka 1989 Umoja wa Mataifa ulianzisha mpango mkubwa wa kuwalisha watu wa Sudan Kusini waliokuwa vitani. Loki, kilomita chache kutoka mpakani, ikafanywa kituo chake upande wa Kenya. Ndege kubwa aina ya Hercules ziliruka kutoka hapo kwenda kudondosha magunia ya chakula. Shirika la Msalaba Mwekundu la kimataifa lilikuwa na hospitali yake Lopiding tangu 1987, iliyowatibu majeruhi wa vita kwa maelfu. Mahali palipokuwa kijiji cha wafugaji Waturkana pakawa na hoteli, mabaa, maduka, gereji na nyumba za kupangisha. Vijana kutoka Kitale, Bungoma, Eldoret, hata kutoka huku kwetu, walikwenda kutafuta riziki.

Januari 2005 mkataba wa amani wa Sudan ulitiwa sahihi Nairobi. Hilo lilikuwa jambo la kheri, na kila mtu alishukuru. Lakini kwa Loki amani ilikuwa na maana nyingine. Mashirika yakaanza kuhamia Juba. Mwaka 2006 hospitali ya Lopiding ikakabidhiwa serikali ya Kenya. Ndege zikapungua, hoteli zikafungwa moja baada ya nyingine, na wenye nyumba wakabaki na vyumba vitupu. Mji uliokuwa hausinzii ukarudi kuwa kituo cha njiani.

Sasa tazama Kitale, karibu kilomita 500 kusini kwa barabara hiyo hiyo. Kitale nayo ilikula kutokana na Loki. Malori yalilala hapo, yalijaza mafuta hapo, yalitengenezwa hapo. Na haikuwa mara ya kwanza. Katika Vita Vikuu vya Pili reli iliishia Kitale, na vikosi vya Waingereza vilivyokuwa Turkana kupambana na Waitaliano wa Ethiopia vilipata mahitaji yao kwa njia hiyo. Askari wakaja, askari wakaondoka. Mashirika yakaja, mashirika yakaondoka. Kitale haikuanguka mara zote mbili.

Siri yake si kubwa. Kitale ina mahindi, maziwa, chai, kampuni ya mbegu, maghala ya nafaka na soko linalovuta watu kutoka Pokot hadi Mlima Elgon. Fedha za mgeni zilikuwa nyongeza juu ya mlo uliokuwepo. Kwa Loki fedha za mgeni ndizo zilizokuwa mlo wenyewe.

Watu wa Bungoma hawahitaji kuelezwa jambo hili. Katika kaunti yao upo mji wa Webuye, uliokulia pembeni mwa kiwanda cha karatasi cha Pan Paper tangu miaka ya 1970. Kiwanda kilipofungwa mwaka 2009, mji mzima uliugua, kuanzia mfanyakazi hadi muuza mboga. Kilipata mnunuzi mwaka 2016, lakini miaka ile saba haikurudi. Kiwanda si kambi, ila ugonjwa ni ule ule: mji wenye mlipaji mmoja.

Fedha za kambi huingia vipi mjini

Wengi hudhani kambi ikiwa kubwa basi fedha zake zote huingia mjini. Sivyo. Chakula kingi cha kambi, mafuta na vifaa hununuliwa kwa mikataba na kampuni kubwa za mbali, au huletwa moja kwa moja kutoka nje. Kinachomwagikia mji hupitia milango mitatu.

Mlango wa kwanza ni mishahara: wapishi, wafagiaji, madobi, mabawabu, mafundi na vibarua wa ujenzi. Mlango wa pili ni manunuzi madogo ya mtaani na teksi. Mlango wa tatu ni kodi za nyumba, pamoja na biashara ya burudani ambayo sisi Waislamu tuna yetu ya kusema juu yake, lakini ipo na ina watu wanaoitegemea.

Kambi inapofungwa, milango hii haifungwi kwa usawa. Aliyeajiriwa rasmi ana pa kushika. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri anayepunguza wafanyakazi kutoa ilani ya mwezi mmoja, na kumlipa kila mmoja angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliotumikia. Lakini kibarua wa siku, aliyeletwa na wakala asiye na ofisi, hana karatasi ya kuonyesha alitumikia miaka mingapi.

Na yule mama anayeuza mahamri na chai kwenye lango la kambi? Hakuajiriwa na mtu. Hapewi ilani wala kiinua mgongo. Atajua kambi imefungwa siku atakaporudi nyumbani na mahamri yake yamejaa bakuli. Naye aliyekopa benki akajenga vyumba 10 vya kupangisha, benki haitamuuliza wageni wamekwenda wapi. Itamuuliza marejesho ya mwezi.

Kwa hivyo, tunapoambiwa kambi fulani imeajiri watu kadhaa, tujue hesabu hiyo ni ya mlango mmoja tu. Walio wengi, na wanaoumia zaidi, hawamo kwenye orodha yoyote.

Ardhi ndiyo urithi

Fedha hukatika, lakini ardhi hubaki. Ndiyo maana katika kila kambi inayofungwa vita vikubwa huwa juu ya kiwanja. Hapa Kenya tuna mifano miwili inayotofautiana, na mmoja uko njiani kwetu.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili Waingereza waliona watalazimika kuhama India na Misri, wakatafuta pengine pa kuweka ghala lao kuu la jeshi. Mwaka 1947 wakaanza kujenga Mackinnon Road, kando ya reli ya Mombasa na Nairobi. Vibarua wakamiminika, barabara na maghala yakachipuka nyikani. Haikupita miaka mitano, London ikabadilisha nia na mradi ukaachwa. Majengo yakaja kutumiwa kuwafungia watu wakati wa hali ya hatari ya miaka ya 1950. Leo msafiri wa Mombasa anayesimama Mackinnon Road husimama kwa ajili ya msikiti wenye kaburi la Sayyid Baghali. Lile ghala la kutisha halikuacha mji, halikuacha chuo, halikuacha kazi.

Mfano wa pili ni Kahawa, nje ya Nairobi. Wanajeshi wa Uingereza walipokuwa wakiondoka baada ya uhuru, mwaka 1965 kambi yao ya Templer ilikabidhiwa serikali ya Kenya. Majengo yale yakafanywa chuo, chuo kikakua, na mwaka 1985 kikawa Chuo Kikuu cha Kenyatta. Mabweni ya askari yakawa mabweni ya wanafunzi. Mgeni wa muda akaacha mahali pa wageni wapya wanaokuja kila mwaka, wanaopanga nyumba na kununua chakula.

Tofauti ya Kahawa na Mackinnon Road haikuwa bahati peke yake. Kahawa iko karibu na mji, kweli. Lakini pia palikuwa na mtu aliyeyatazama majengo yale na kujua atayafanyia nini.

Tena tujihadhari. Ardhi kurudi serikalini si sawa na kurudi kwa wenyewe. Wakazi wa Trans Nzoia wanalijua hilo. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza serikali ya kikoloni iliwagawia askari wastaafu wa Kizungu mashamba huko, pamoja na maeneo mengine ya bara. Uhuru ulipokuja wakaanza kuondoka, na mashamba mengi yakaenda kwa shirika la serikali, kwa vyama na kwa waliokuwa na uwezo wa kununua. Hadi leo wapo maskwota katika kaunti hiyo. Jirani yao, upande wa Mlima Elgon katika kaunti ya Bungoma, ugomvi juu ya nani aandikwe na nani aachwe katika mradi wa makazi wa Chebyuk ndio uliochochea umwagaji damu wa miaka ya 2006 hadi 2008. Sisi wa pwani, ambao neno skwota tunalijua kuliko neno hatimiliki, tusihitaji somo jingine.

Majeraha hayaondoki na askari

Lipo jambo la tatu ambalo halihesabiwi kwa shilingi peke yake. Kambi ya jeshi ni mahali pa silaha na vijana walio mbali na kwao. Madhara hutokea, na mara nyingi hutokea kwa wanyonge.

Katika nyika za Samburu na Laikipia wafugaji na watoto wao waliuawa au kulemazwa na mabomu yasiyolipuka yaliyoachwa kwenye viwanja vya mazoezi. Mwaka 2002 wizara ya ulinzi ya Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 4.5 kwa walalamishi zaidi ya 200. Machi 2021 moto uliteketeza eneo kubwa la Lolldaiga wakati wa mazoezi ya wanajeshi hao, na wakazi wakaenda mahakamani. Yupo pia mama mmoja kijana aliyeuawa Nanyuki mwaka 2012, mwili wake ukapatikana katika tangi la maji taka la hoteli. Familia yake imehangaika kutafuta haki kwa zaidi ya miaka 10. Na wapo watoto waliozaliwa na baba askari ambao wanamtafuta baba kwa vipimo vya damu.

Waliopata chochote katika visa hivi walikipata kwa sababu walikuwa na rekodi: cheti cha hospitali, ripoti ya polisi, majina, tarehe. Na walidai wakati mdaiwa bado ana ofisi nchini na bado anahitaji kibali chetu. Mgeni anayetaka kubaki husikiliza. Mgeni aliyekwisha ondoka, itabidi umfuate kwao, kwa wakili wa kwao.

Waliojipanga

Nje ya Afrika kisa kinachotajwa sana ni cha Subic Bay, Ufilipino, kambi kubwa ya wanamaji wa Marekani. Mwaka 1991 Baraza la Seneti la nchi hiyo lilikataa kuongeza mkataba, kura 12 dhidi ya 11. Wamarekani wakamaliza kuondoka Novemba 1992. Mji wa Olongapo, ulioishi kwa kambi hiyo, ulitarajiwa kufa.

Haukufa. Meya aliwakusanya wakazi kwa maelfu kujitolea kulinda majengo yasiporwe. Sheria ya kugeuza kambi kuwa eneo huru la biashara ilikuwa imepitishwa mwaka huo huo, kabla mgeni hajatoka. Viwanda vikaja, na kampuni ya FedEx ikaweka hapo kituo chake cha ndege mwaka 1995. Lakini hadithi haikuishia hapo. FedEx nayo ilihamia Guangzhou, China, mwaka 2009. Na wapo watoto wa baba Wamarekani walioachwa nyuma, na manung'uniko ya sumu iliyobaki ardhini. Olongapo ilijipanga vizuri kwa majengo. Kwa watu wake wanyonge haikujipanga vizuri vile.

Na sisi je?

Turudi kwetu. Wamarekani wa Manda hawajasema wanaondoka. Lakini Niger nayo ilikuwa na kambi ya Agadez iliyojengwa kwa gharama kubwa, na ilikabidhiwa takriban mwaka mmoja baada ya serikali kubadilika. Tuliona pia shambulizi la Januari 5, 2020 pale Manda, Wamarekani watatu wakauawa na ndege zikateketea. Jambo moja likitokea Washington au Nairobi, mambo hubadilika, na Lamu haitaulizwa.

Sisemi wabaki, wala sisemi waende. Kuna wanaoona kuwepo kwao kumetuletea uadui usiokuwa wetu, na wana hoja. Kuna wanaoona pasingekaliwa bila wao, nao wana hoja. Lakini pande zote mbili zinaweza kukubaliana juu ya mambo manne ya kudai sasa hivi, kupitia bunge la kaunti na wabunge wetu.

La kwanza ni orodha. Iandikwe ni nani anayepata riziki kwenye kambi, wakiwemo vibarua, wauza samaki na wenye mashua. Wavuvi wa Lamu waliopoteza maeneo yao kwa ujenzi wa bandari waliamuliwa na Mahakama Kuu ya Malindi, mwaka 2018, walipwe shilingi bilioni 1.76. Hawakufika hapo kwa kulalamika barazani. Walijihesabu, wakajiandika, wakasimama pamoja.

La pili ni ardhi. Ijulikane leo, kwa maandishi, kiwanja na majengo yatakwenda kwa nani siku ya mwisho, na yatatumika kwa nini. Chuo cha ubaharia, hospitali au karakana ya uvuvi ni mawazo tu, lakini wazo lisiloandikwa mapema huchukuliwa na tajiri wa mbali.

La tatu ni madhara. Yeyote aliyeumia aandikishe sasa, apate cheti sasa. Misikiti na makanisa yasaidie wasiojua kuandika.

La nne ni sisi wenyewe. Anayekula kutoka kambini ajiulize kama Kitale au kama Loki. Mwenye duka awe na wateja wa pande mbili. Mwenye nyumba asikope kana kwamba mgeni amehamia milele. Kijana aliyejifunza ufundi wa jenereta au udereva wa mashua za kisasa achukue cheti chake, kwa sababu cheti hicho atakitumia hata Mombasa au Muscat.

Dini yetu imetuelekeza, katika Suratul Baqara aya ya 282, kuandikiana tunapokopeshana. Kambi ya mgeni nayo ni deni la aina yake. Amechukua ardhi yetu kwa muda na amechukua nguvu za vijana wetu. Deni huandikwa siku ya kukopeshana.

Mzee wangu wa Kitale sasa ana shamba dogo la mahindi na ng'ombe wawili wa maziwa. Alilinunua wakati malori yakipita usiku na mchana, na wenzake wakamcheka kwamba anazika fedha mchangani. Baadhi yao waliziweka zote kwenye vyumba vya Loki. Aliponisindikiza stendi alinipa debe la mahindi mabichi niwapelekee watoto. Nikamshukuru, nikapanda gari, na njia nzima nikawa nawaza ni wangapi kule Lamu walio na shamba la akiba.